Mafiga matatu ya rangi moja sitayapanga

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika humu wiki iliyopita kwamba mtu ambaye Oktoba hii ya mwaka 2015 imefika katikati na bado hajui atampa nani kura ya urais ni popo: si ndege, si mnyama, anangoja aone upande unaoshinda ndipo atue. Niliisoma barua ile jikoni nikacheka peke yangu. Nikaona nimjibu, maana popo anayemsema ni mimi.

Sina kadi ya chama na sijawahi kuwa nayo. Mwaka 1995 nilimpa Mrema wa NCCR-Mageuzi, kama vijana wengi wa wakati ule. Mwaka 2005 nilimpa Kikwete wa CCM. Mwaka 2010 nikampa Dkt. Slaa wa CHADEMA. Mtu akiniita kigeugeu kwa hayo, namwomba aangalie hesabu za Tume ya Uchaguzi. Kikwete alipata kura zaidi ya milioni 9 mwaka 2005. Miaka mitano baadaye akapata kama milioni 5 na laki mbili na ushee. Hao waliopungua hapo katikati hawakufa wote, Mhariri. Wengine walibaki nyumbani siku ya kupiga kura, wengine tukahamia kwingine. Ndio sisi mnaotuita popo, na mwaka huu kila jukwaa linatutafuta huku likitutukana.

Ndiyo, linatutukana. Mzee Mkapa alisimama Jangwani tarehe 23 Agosti, CCM ikizindua kampeni, akawaita wanaosema wanataka kuikomboa nchi hii wapumbavu na malofa. Kabla ya hapo Nape, katibu mwenezi wa CCM, alishatuambia chama chake kitashinda hata kwa goli la mkono. Huku upande wa pili, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, mpwa wangu mmoja anayevaa kombati za CHADEMA aliniandikia kwamba shangazi asiyempa kura mgombea wao Lowassa ni shangazi aliyelipwa. Nikamwuliza nimelipwa na nani, na kama anamjua aniambie nikadai, maana ada ya mdogo wake inanisubiri mimi. Alinyamaza mpaka kesho yake, akarudi na picha ya mkutano wa Lowassa uliojaa watu. Picha za watu wengi ndiyo hoja ya mwaka huu. Kila upande una zake.

Nifike kwenye wagombea wenyewe. Wako wanane kwenye karatasi ya urais, na sitajifanya nimewapima wote kwa usawa. Mama Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo nimemsikiliza na nimempenda: ni mwanamke pekee kati yao, anaongea bila kupayuka na anajibu swali aliloulizwa. Ila kwa sheria yetu urais anachukua mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata kama nusu hajaifikia, wala hakuna duru ya pili. Ingekuwepo, duru ya kwanza ningempa yeye bila kufikiri sana. Kwa kuwa haipo, nabaki na wawili kama wengine wote: Dkt. Magufuli wa CCM, na Lowassa wa CHADEMA anayebebwa na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani.

Na hao wawili hatukuwahi kuwaona wamekaa meza moja wakaulizwa swali moja. Wangekaa, nami nisingekuandikia barua ndefu hivi.

Mimi ni karani katika kampuni ndogo ya malori hapa Kihonda. Naandaa makaratasi ya mzigo, napiga hesabu ya mafuta na posho ya dereva, napokea simu usiku lori likikwama. Siasa za nchi hii hunifikia kwa njia ya barabara, na Dkt. Magufuli nimemjua kwa njia hiyo kabla hajaanza kupiga pushapu jukwaani.

Wasiofanya kazi hii huenda hawajui kwamba lori halipimwi uzito wa jumla peke yake. Jumla isizidi tani 56, sawa, lakini kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Zile ekseli tatu za nyuma za tela kikomo chake ni tani 24. Dereva anaweza kutoka Dar es Salaam ana tani 54, anajiona yuko salama kabisa, akifika mizani anaambiwa nyuma amezidi kilo 600. Mzigo umesogea njiani. Saruji haisogei sana ikipangwa vizuri, ila nondo zinateleza, na turubai likinyeshewa kuanzia Chalinze linaongeza uzito wake. Kwa ajili ya hayo kulikuwa na nafuu ya asilimia 5. Kwenye tani 24 hiyo ni kilo 1,200, na kilo 1,200 ndizo zinazoamua kama dereva anapita au analala pale na mzigo wa watu.

Oktoba 2013 Magufuli, akiwa Waziri wa Ujenzi, aliiondoa nafuu ile. Alisema sheria ifuatwe kama ilivyoandikwa. Wenye malori wakagoma na malori yakajipanga kando ya barabara. Mimi hapa ofisini simu haikukaa mezani: huyu posho imemwishia, huyu mwenye mzigo anamfokea, huyu amelala chini ya tela kwa sababu ya joto na amepoteza viatu. Mwisho Waziri Mkuu Pinda aliingilia kati na nafuu ikarudishwa. Malori yakaondoka.

Nilimchukia Magufuli wakati ule, sifichi. Lakini nitasema pia lile ambalo matajiri wa malori hawalisemi hadharani. Hiyo nafuu watu walikuwa wameigeuza kuwa haki. Mtu hakupakia tani 24 akaachia nafuu imwokoe mzigo ukisogea. Alipakia tani 25 toka mwanzo, kisha anakuja kunilalamikia mimi mzigo uliposogea. Na ekseli iliyozidi haiharibu lami kwa kiasi kile kile ilichozidi. Inaharibu mara nyingi zaidi. Wahandisi wana hesabu zao, sisi tunaona makorongo. Kuna kituo kimoja cha mizani, sitakitaja, ambako kwa miaka tulijua kiasi cha kumwekea dereva mfukoni ili karatasi yake itoke safi. Kwenye vitabu vyetu kiliandikwa "dharura za safari". Waziri yule alipokuwa mkali, kwa muda dharura zile zilipungua. Dereva wetu wa siku nyingi, mtu wa Kilosa, aliniambia juzi akisaini karatasi zake za kwenda Tunduma: "Mama, huyu akishinda sisi tutalia, ila barabara itapona." Yeye anampa Lowassa, lakini hayo ndiyo maneno yake.

Kwa hiyo la kwanza ninalolijua kuhusu Magufuli ni kwamba kazi anaiweza. Samaki wa Magufuli tunawakumbuka wote, wale wa meli ya Tawariq 1 iliyokamatwa mwaka 2009 ikivua kwenye bahari yetu bila kibali. Bungeni alikuwa anataja barabara na kilomita zake kwa kichwa.

La pili ni kwamba hasikilizi kwa urahisi. Mwaka 2012 nauli ya kivuko cha Kigamboni ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 na watu wakalalamika, jibu lake lilikuwa kwamba asiyeweza kulipa apige mbizi. Mdogo wangu anaishi Kigamboni. Hadi leo akiliona bango lake haliiti jina, anasema "huyo wa mbizi." Bomoabomoa ya hifadhi ya barabara nayo ilibidi mkubwa wake amwambie apunguze mwendo. Ukiangalia vizuri, kila alipozidisha alikuwepo mtu juu yake wa kumwambia basi. Kwenye nafuu ya ekseli alikuwepo Pinda. Sasa anaomba kiti ambacho juu yake hakuna mtu.

Nije kwa Lowassa. Sitaki kumsema kama wanavyomsema kwenye mabango ya kijani ya CCM, kana kwamba hajawahi kufanya jambo. Maji ya Ziwa Victoria yanayofika Kahama na Shinyanga yana mkono wake alipokuwa Waziri wa Maji. Mkataba wa City Water, kampuni iliyopewa maji ya Dar es Salaam, alioukatisha mwaka 2005 ulihitaji mtu asiyeogopa wazungu. Na shule za kata, jamani. Zilichekwa na zinachekwa hadi leo: hazina maabara, mwalimu wa hesabu mmoja kwa shule nzima. Lakini binti wa dada yangu asingefika kidato cha nne bila shule ya kata, kwa sababu shule nyingine ya serikali iliyokuwa karibu ilikuwa mjini na baba yake hakuwa na nauli ya kila siku. Lowassa alisimama juu ya shule zile alipokuwa Waziri Mkuu, na anaposema kipaumbele chake ni elimu, elimu, elimu, mimi namwamini kuliko ninavyowaamini wengi.

Tatizo langu ni kwamba amesema elimu mara tatu akakaa. Tarehe 29 Agosti, UKAWA wakizindua Jangwani, niliwasha redio nikaweka maandazi ya kwanza kwenye mafuta. Kabla sijamaliza kukaanga alikuwa ameshashukuru na kumaliza. Watu wanasema ni afya, wengine wanasema ni mkakati. Vyovyote vile, anayetaka kura yangu kwa ahadi ya elimu bure hadi chuo kikuu angenieleza fedha zitatoka wapi. Magufuli naye ana milioni 50 kwa kila kijiji, nazo sijaelezwa zinatoka wapi, kwa hiyo hapo wametoka sare.

Na Richmond ipo. Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa mgawo wa umeme. Ofisi yetu ilikuwa inaandika karatasi za mzigo kwa mshumaa. Serikali ikaingia mkataba wa umeme wa dharura na kampuni hiyo, ambayo umeme wenyewe haikuuleta. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge chini ya Dkt. Mwakyembe ikasoma ripoti yake, Lowassa akajiuzulu. Yeye anasema aliwajibika kwa ajili ya serikali, kwamba alitaka kuuvunja mkataba mamlaka ya juu yakakataa, na mwenye ushahidi dhidi yake aende mahakamani. Inawezekana yote hayo ni kweli. Mimi si hakimu. Ila mwaka 2007 pale Mwembeyanga ni Dkt. Slaa, ni CHADEMA, waliosoma orodha ya waliowaita mafisadi, na jina la Lowassa lilikuwemo. Niliinunua hoja ile. Nilimpa Slaa kura mwaka 2010 kwa sababu ya hoja ile. Kisha tarehe 28 Julai mwaka huu chama kile kile kikampokea, wiki mbili na ushee baada ya CCM kulikata jina lake Dodoma, na hakuna aliyekuja kutuambia sisi tuliowaamini ni nini kimebadilika kwenye ushahidi. Lipumba akaacha uenyekiti wa CUF, chama kingine cha UKAWA. Slaa akasubiri hadi Septemba mosi akasema siasa za vyama basi. Kama wangetueleza, hata kwa dakika kumi, labda leo ningekuwa na kadi.

Jambo moja mashabiki wa pande zote hawapendi kukumbushwa. Wagombea hawa wawili walikaa baraza moja la mawaziri la Mkapa kuanzia mwaka 2000, mmoja Maji, mwingine Ujenzi. Walikaa tena baraza moja la Kikwete, mmoja Waziri Mkuu, mwingine Ardhi. Ukiondoa rangi za nguo, tunachagua kati ya watu waliofundwa jiko moja. Anayeniambia nichague kati ya mabadiliko na uozo, au kati ya amani na vurugu, anaongea na mtu mwingine.

Kwa hiyo swali nimeligeuza. Siulizi tena nani mzuri. Nauliza: huyu akikosea akiwa Ikulu, nani atamwambia basi?

Hapo ndipo Katiba inapotisha, Mhariri. Ibara ya 41 inasema Tume ikishamtangaza mtu kuwa ameshinda urais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mbunge wa Morogoro tunaweza kumpeleka Mahakama Kuu kesho yake. Rais hapana. Akishaapishwa anateua wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, makatibu wakuu, majaji, na hao wa Tume yenyewe. Rasimu ya Katiba mpya ya Jaji Warioba ilitaka matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani na ilitaka mawaziri wasiwe wabunge. Tunajua ilikoishia: UKAWA wakatoka nje ya Bunge Maalumu Aprili 2014, waliobaki wakapitisha ya kwao Oktoba, na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili mwaka huu ikaahirishwa. Kwenye kampeni hizi nimesikia barabara, elimu, zahanati, viwanda, mahakama ya mafisadi. Katiba nimeisikia kwa UKAWA kidogo kidogo, kwa Magufuli sikumbuki amesimama nayo hata jukwaa moja.

Kwa Katiba tuliyo nayo, kitu pekee kilichobaki cha kumwambia rais basi ni Bunge. Na Bunge nalo si la kutegemea siku zote, ila likiwa na mchanganyiko wa watu linaweza. Chukueni kashfa ya Escrow ya mwaka jana. Zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitolewa kwenye akaunti ya Tegeta iliyokuwa Benki Kuu. Aliyeanza kulipigia kelele bungeni alikuwa Kafulila wa NCCR-Mageuzi. Aliyesoma ripoti mwisho wa Novemba alikuwa Zitto, mwenyekiti wa PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali ambayo kwa kanuni huongozwa na mpinzani. Na makamu wake, aliyesimama naye bega kwa bega, alikuwa mbunge wa CCM, Deo Filikunjombe wa Ludewa. Serikali ilikuwa na karibu robo tatu ya viti bungeni na bado ilitikisika: Mwanasheria Mkuu Werema akajiuzulu, Profesa Tibaijuka wa Ardhi akaondolewa, Profesa Muhongo wa Nishati naye akaachia ngazi Januari.

Filikunjombe amefariki Alhamisi iliyopita, helikopta yake ilipoanguka Selous akielekea jimboni. Pale ofisini madereva wawili ambao hawawezi kukubaliana hata juu ya chai ya asubuhi walikaa kimya kwenye benchi wakisikiliza redio, mmoja kofia ya kijani, mwingine ya CHADEMA. Wabunge wa namna yake ni wachache. Ni wachache kwa sababu Katiba hii hii inasema mbunge akifukuzwa uanachama, kiti kinakwenda. Wala si CCM peke yao wanaotumia fimbo hiyo. Kafulila huyo huyo alifukuzwa na chama chake mwishoni mwa mwaka 2011, na ni mahakama iliyomshikia kiti hadi akaja kuliibua Escrow. CUF walimfukuza Hamad Rashid. CHADEMA nao walimtimua Zitto. Yaani nikimpa kura mpinzani sina hakika kwamba nimempa mtu huru. Nimepata tu mtu ambaye bosi wake si yule yule wa rais.

Ndiyo maana hili la mafiga matatu silitaki. CCM wanapita nyumba kwa nyumba wakisema chungu hakikai kwenye mafiga mawili, kwa hiyo rais, mbunge na diwani wote wawe wa kijani. Mjumbe wetu, mzee ninayemheshimu sana, alikuja Ijumaa jioni na fulana na kuniambia kwa upole: "Mwanangu, ukimpa rais bila kumpa wabunge umemfunga mikono." Nikamkaribisha chai. Nikamwambia mzee wangu, kidogo hivyo ndivyo ninavyotaka. Hakukasirika. Alisema ana wajukuu wanaoongea kama mimi. UKAWA nao wana mafiga yao, ila hawayaiti hivyo. Wanasema kura zote ziende kwa mgombea mmoja wa umoja, kuanzia juu hadi chini, na anayechanganya ni msaliti.

Mimi nitachanganya. Urais nitampa Magufuli. Najua mpwa wangu atasoma hapa na kundi la WhatsApp litawaka moto, na najua wenye malori wenzetu watasema karani wa Kihonda amerogwa. Nampa kwa sababu kati ya hasara mbili, ya kwake naiona mchana: ni mkali, hasikii, anabomoa. Mtu wa namna hiyo akizuiwa vizuri anafanya kazi. Ya Lowassa siioni yote. Sijui waliohama naye wakati mmoja, waziri mkuu wa zamani, wenyeviti wa mikoa, watu ambao hadi Juni walikuwa wanatukemea kutoka upande ule, wanakuja kudai nini siku ya kuapishwa. Huenda hawadai kitu. Ila tangu Julai sijasikia mmoja akiulizwa.

Ubunge nitampa wa UKAWA, hata kama jimbo letu halina dalili ya kubadilika. Udiwani bado. Diwani aliyepo ni wa CCM na mtaro wa barabara yetu alikuja kuuona akiwa amevaa gambuti, akaingia ndani ya maji. Wa UKAWA sijamwona mtaani, nimeona bango lake tu. Nadhani ni wa gambuti. Hapo hakuna falsafa.

Najua hoja ya kunijibu. Mtu atasema rais mkali mwenye Bunge linalombishia atafanya kazi gani, na tena Katiba inamruhusu kulivunja Bunge likikataa bajeti yake. Ni kweli inamruhusu. Lakini akilivunja naye inabidi arudi kwetu kwenye uchaguzi, na rais anayejua hilo atakaa azungumze kwanza. Atasema pia kwamba kura moja ya mama mmoja wa Kihonda haitengenezi Bunge la mchanganyiko. Ndiyo, haitengenezi. Ndiyo maana nimeandika barua, kwa sababu najua tuko wengi tunaofikiri hivi na tunaambiwa ni dhambi. Karatasi ni tatu, masanduku ni matatu, na hakuna mahali kwenye sheria ya uchaguzi palipoandikwa kwamba alama zifanane.

Kuna wanaoniogopesha na suala la mita 200, yaani tukae umbali huo kutoka kituoni tulinde kura au turudi nyumbani kama Tume na Rais Kikwete wanavyotaka. Mimi nitarudi nyumbani, Jumapili nina nguo za kufua. Wenye mawakala walinde; ndiyo kazi ya wakala. Ila ninawaomba wote, na hasa vijana wa kundi letu la ukoo, waangalie wanachosambaza usiku wa matokeo. Tangu Septemba mosi sheria ya makosa ya mtandao inafanya kazi, na ni sheria pana mno. Anayedhani ataguswa mpinzani peke yake hajaisoma. Hilo nalo ni la kumwuliza anayekwenda bungeni, maana sheria ile ilipita pale pale.

Na hapa ndipo ombi langu kwako, Mhariri. Kurasa zenu tangu Agosti zimejaa wagombea urais: wamekula nini, wamesafiri kwa gari au kwa chopa, nani kajaza uwanja gani. Wagombea ubunge tunawaona kwenye picha ndogo wamenyooshwa mkono na mkubwa. Zimebaki siku chache, lakini mna waandishi mikoani na simu zao zinafanya kazi. Waulizeni wagombea wa majimbo, wa vyama vyote, swali moja tu, mkachapishe majibu na majina yao: taja jambo moja ambalo chama chako kikikuagiza upige kura ya ndiyo, wewe utapiga ya hapana. Asiyejibu andikeni hakujibu. Wa Morogoro Mjini muanze nao, nitalinunua gazeti Jumamosi asubuhi kabla malori hayajaondoka.

Karani wa malori,
Kihonda, Morogoro
(Jina limehifadhiwa)